Hapa ndipo walipopiga filamu? Kisa cha ramani moja ya Nairobi

Mwenye duka la vitambaa aliinama juu ya meza, akaweka kidole kwenye nukta nyekundu niliyoichora Eastleigh, akasoma maandishi madogo yaliyokuwa kando yake, kisha akanitazama.

"Dada, hii sinema walishuti hapa lini? Mimi niko Eastleigh tangu enzi za Garissa Lodge. Sijaona kamera."

Filamu aliyoisoma ni Eye in the Sky, iliyotoka mwaka 2015, ya mwongozaji Gavin Hood, wa Afrika Kusini. Inahusu ndege isiyo na rubani inayoizunguka nyumba moja ya Eastleigh wakati wakubwa wa Uingereza na Marekani wakibishana kama walipue au wasilipue. Eastleigh inatajwa tena na tena. Lakini kamera haikufika huko. Mitaa inayoonekana ilikuwa Afrika Kusini. Nilikuwa nimeweka nukta kwa kuwa filamu yenyewe ilisema "Eastleigh", nami nikaamini. Mzee yule, bila kuwa na habari yoyote ya kazi ya ramani, alikuwa ameuona ufa wa kazi nzima.

Nirudi nyuma kidogo. Mteja wangu ana mkahawa mdogo mjini Nairobi. Alitaka ramani ya mahali palipopigwa filamu jijini: moja ya kutundika ukutani, ukubwa wa A2, na nakala za kukunjwa za kuuzia wageni. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Iwe na rangi, isiwe na makosa, iwe tayari kabla ya likizo ya Desemba. Mimi ni mbunifu wa michoro, si mtaalamu wa sinema. Nikadhani kazi ngumu itakuwa rangi.

Siku za mwanzo nilifanya anachofanya kila mtu. Nikakusanya majina ya filamu na majina ya mitaa, nikayatia kwenye jedwali, kila mstari nukta moja. San Francisco wana orodha ya namna hiyo, iliyotolewa na jiji lenyewe na iliyo wazi kwa yeyote kupakua: jina la filamu, mwaka, mahali. Unaichukua, unaimwaga juu ya ramani, na nusu ya kazi imekwisha. Nairobi hatuna mteremko huo. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inamtaka mpiga filamu awe na leseni, lakini karatasi ya leseni ni kitu kimoja na ramani ni kitu kingine. Kwa hiyo jedwali langu lilijaa nilichosoma hapa na nilichosikia pale, vyote vikiwa na uzito uleule.

Baada ya Eastleigh nililifungua upya jedwali lile na kuigawa safu ya "mahali" mara mbili: mahali pa hadithi, na mahali pa kamera. Nikaongeza safu ya tatu, ya ushahidi. Safu hizo tatu ndizo zilizoiokoa ramani, kwa sababu kila filamu niliyokuwa nimeipachika nukta ilianza kuyumba nilipoijaribu kwazo.

Chukua Out of Africa, ya mwaka 1985, iliyobeba Oscar saba. Ndiyo filamu ambayo mgeni yeyote anayeshuka Nairobi ameisikia, na mteja alisema wazi kwamba isipokuwemo basi hana haja na ramani. Rasimu ya kwanza niliiweka kwenye Makumbusho ya Karen Blixen. Ungeweka wapi pengine? Nyumba ni ileile aliyoishi Karen Blixen, mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hiyo, kuanzia 1917 hadi aliporudi Denmark mwaka 1931. Ilijengwa 1912. Makumbusho yalifunguliwa 1986, mwaka mmoja tu baada ya filamu, na ndani yake kuna baadhi ya vitu vilivyotumika katika kupiga filamu hiyo. Mgeni anaingia, anaviona, anatoka akiwa na hakika kwamba Meryl Streep, aliyemwigiza mwandishi huyo, alikalia kiti kile pale.

Sivyo. Matukio ya ndani ya nyumba hayakupigwa katika nyumba hiyo. Walitumia nyumba yake ya kwanza, Mbagathi, iliyo jirani, alikoishi tangu 1914 hadi 1917. Na Nairobi ya wakati wa ukoloni inayoonekana mle, yenye mabanda ya mabati na vumbi, ni seti iliyojengwa makusudi. Wangefanyaje? Barabara za mji wenyewe zilikuwa zimeshajaa ghorofa, na jengo refu la mikutano, KICC, lililokamilika 1973, linajichomoza katika picha yoyote inayoelekea katikati ya mji. Hata simba wa filamu ile waliletwa kutoka California, wakiwa wamefunzwa. Kwa hiyo filamu inayojulikana kuliko zote kuhusu eneo hili ina nyumba halisi isiyopigwa filamu ndani, nyumba iliyopigwa filamu isiyo makumbusho, na mji ambao haukuwahi kuwa mji.

Hapo ndipo nilipoacha kuifikiria nukta kama alama ya kawaida. Nukta inasema "hapa, mguu wako ukikanyaga". Sinema nayo kazi yake ni kukuaminisha kwamba hapa ni kwingine. Ramani ya mahali pa filamu ikitumia alama moja kwa kila kitu inakuwa imeungana na sinema katika ule ujanja wake, wakati msomaji ameinunua ili aujue ujanja wenyewe ulifanyikia wapi.

Nikatengeneza alama tano. Nukta iliyojaa, kwa mahali ambapo kamera ilisimama na mtu anaweza kufika akajionea. Doa lenye kingo laini, kwa mtaa au eneo lililotumiwa kwa upana. Mstari, kwa kitu kinachosafiri. Mshale pembezoni mwa karatasi, kwa kilichopigwa nje ya mji. Na duara tupu, kwa mahali ambapo hadithi inatokea lakini kamera haikufika.

Doa lilitokana na Kibera. The Constant Gardener, ya Fernando Meirelles, 2005, ilipigwa Kibera na pia Loiyangalani, kule kando ya Ziwa Turkana. Rachel Weisz alipata Oscar kwa kuigiza mle. Soul Boy, ya Hawa Essuman, 2010, nayo ni ya Kibera: kijana anahangaika kuitafuta roho ya baba yake iliyopotea. Ukisema "Kibera" kisha ukachoma nukta moja katikati, umekosea mara mbili. Kwanza eneo lenyewe ni kama kilomita za mraba 2.5, na lina vijiji vyake, kila kimoja na jina lake. Pili, kamera ilipita vichochoroni mbele ya milango ya watu wanaoishi hapo mpaka leo, na sikuona sababu ya kumwelekeza mtalii mwenye simu mkononi hadi mlangoni kwa mama fulani. Doa linasema eneo na linaishia hapo.

Kibera ilinifundisha na jingine kuhusu kuandika takwimu kwenye ramani. Mteja alitaka kando ya kila alama kuwe na "jambo la kushangaza". Akapendekeza kwamba Kibera iandikwe ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Huo milioni umerudiwa mara nyingi hadi umekuwa kama jina la pili la mtaa. Niliuondoa, na nafasi yake nikaandika kwamba jina Kibera limetoka kwa Wanubi, na maana yake ni msitu. Nikaongeza kwamba hadi mwaka 2009, vijana wa hapo walipoanza kuichora wenyewe katika mradi wa Map Kibera, ramani nyingi za umma ziliacha pengo tupu mahali pale. Kwangu hilo linashangaza zaidi ya takwimu ile.

Mchoro wote wa chini, yaani barabara, mito na reli, niliutoa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ambako ndiko kazi ya vijana wa Kibera ilikoingia. Ni bure, ila kuna sharti: uwataje waliochangia. Mteja aliuliza kama tunaweza kulifuta lile andiko dogo la pembeni kwa kuwa "linachafua". Hatuwezi. Kuichora upya ramani ya kampuni kubwa kwa kuifuatisha kwa kalamu nako hakuruhusiwi, hata kama kila mtu anafanya. Na picha za mabango ya filamu ni mali ya wenyewe. Kwa hiyo vijipicha vya kando ya alama nilivichora kwa mkono: koti la mvua, gramafoni, ndege ya mabawa mawili, basi.

Basi hilo ndilo lililozaa mstari. Mfululizo wa Sense8, ulioanza 2015, una mhusika wa Nairobi, Capheus, anayeendesha matatu iitwayo Van Damn kwa heshima ya Jean-Claude Van Damme. Kitu anachokikumbuka kila aliyeutazama ni hiyo matatu, na matatu haina anwani. Nikaichora kama mstari wa manjano wenye vituo bila majina, unaopinda kuingia mjini na kutoka. Ufunguo wa ramani, yaani maelezo ya alama, unaeleza kwamba mstari ni wa kuonyesha mwendo, si njia kamili. Mtu wa Nairobi anacheka anapouona, maana hata matatu halisi mara nyingi haifuati njia kamili.

Suala la skeli lilinichosha kuliko yote, na nitalieleza kwa kuwa ndipo wengi wanapokwama. Kutoka katikati ya mji hadi nyumba ya Karen Blixen ni karibu kilomita 14 kwa mstari ulionyooka. Kutoka mtaa huo wa Karen hadi Eastleigh ni zaidi ya 17. Kwa skeli ya 1:50,000, sentimita moja ikiwa nusu kilomita, umbali huo wote unaingia vizuri kwenye A2. Lakini kitovu cha mji chenyewe, kati ya Uhuru Highway na River Road, ni kama kilomita moja na nusu tu. Kwenye karatasi ni sentimita tatu. Alama sita ndani ya sentimita tatu ni rundo la kunguni.

Nilijaribu kwanza kuuvuruga umbali, kama ramani za treni zinavyofanya: kupanua katikati, kubana pembezoni, kunyoosha kila barabara. Nairobi ina mfano wake mzuri, ile ramani ya njia za matatu ya mradi wa Digital Matatus, iliyotoka 2014 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na MIT na Columbia. Ile inafaa, kwa sababu abiria haulizi ni mita ngapi. Anauliza ashukie wapi. Ramani yangu ilikuwa na kazi nyingine. Nilipompa rafiki rasimu iliyovurugwa, aliangalia akasema Karen iko karibu, atatembea kwa miguu. Nikairudisha skeli ya kweli siku ileile, na katikati ya mji nikaikatia ramani ndogo ya pembeni kwa 1:10,000. Kilomita moja na nusu ikawa sentimita 15, alama zikapumua.

Kwa majina, niliacha kutumia majina ya barabara peke yake. Hakuna mtu Nairobi anayeelekezwa kwa jina la barabara. Anaambiwa shuka Odeon, pitia Globe, subiri pale Kenya Cinema. Sijui kama wenzangu wengine wamewahi kusimama kulifikiria hili: majumba ya sinema yamekufa au yamegeuka vitu vingine, lakini bado tunapandia magari majinani mwao. Globe imebaki mzunguko wa barabara. Shan ya Ngara imekuwa Sarakasi Dome. Mteja alipenda sana hilo, akataka majumba yote yaingizwe kwa alama zao. Tulibishana juma zima. Mwishowe nilimkubalia nusu: majina yameandikwa kwa wino wa kijivu kama vielekezi, bila alama, kwa sababu filamu zilionyeshwa humo, hazikupigwa humo.

Kuhusu ushahidi, nilikuwa na madaraja matatu. La kwanza ni kilichoandikwa na watengenezaji wenyewe, au fremu, yaani picha moja ya filamu, yenye kitu kisichohamishika: mgongo wa vilima vya Ngong, jengo, daraja la reli. La pili ni watu wawili wasiojuana wanaosema jambo moja. La tatu ni "nilisikia", ambalo halikuchorwa kabisa. Kuhusu fremu, tahadhari moja kwa atakayejaribu. Ushauri mwingi ulioandikwa na watu wa kaskazini mwa dunia unasema ukitaka kujua kamera ilielekea wapi, soma kivuli cha adhuhuri, kitaelekea kaskazini. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, na katikati ya hapo kuna siku ambazo liko utosini na kivuli kimekukaa miguuni. Nilipoteza siku mbili nikiwa nimekitafuta kichochoro upande wa pili wa barabara kwa sababu ya kanuni hiyo.

Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilikuwa na shida ya namna nyingine. Ni filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 2018, ikapigwa marufuku nyumbani mwaka huohuo, kisha Septemba mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Mteja alishusha sauti: "Tusiiache tu?" Nikamjibu kwamba kilichokatazwa kilikuwa kuionyesha; mji wenyewe haujapigwa marufuku. Iliingia kwenye orodha ya pembeni, na mwaka wake.

Tukafika kwa mchapaji. Kazi ndogo kama hii hupelekwa River Road, kwenye vyumba vya ghorofani vyenye mashine inayonguruma na kijana mmoja anayejua kila kitu. Kijana wetu aliitandaza karatasi ya majaribio chini ya taa, akaikagua rangi, akasema nyekundu imezidi. Kisha akaanza kuisoma, jambo ambalo wachapaji hawafanyi.

Aliitambua Nairobi Half Life mara moja. Ile ya Tosh Gitonga, 2012, ya kijana anayetoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa mara tu anaposhuka mjini, na anaishia kwenye genge la wezi wa vipuri vya magari. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar ya lugha ya kigeni. Nilikuwa nimeipa doa linalofunika upande huu wa chini wa mji, pamoja na hapo tulipokuwa tumesimama. Akalipenda. Halafu akauliza:

"Siz, na zetu?"

"Zipi?"

"Za Riverwood."

Sikuwa na jibu. Jina Riverwood limetokana na River Road hiyohiyo, kwenye vyumba kama kile, ambako kwa miaka mingi filamu za bei ya chini za Kikikuyu na lugha nyinginezo zimehaririwa, zimenakiliwa kwenye diski na kuuzwa kwa watu wengi kuliko watakaoingia Cannes maishani mwao. Zimepigwa nyumbani kwa jamaa, shambani kwa shangazi, kwenye kibanda kilichoazimwa kwa asubuhi moja. Jedwali langu lenye safu za kujivunia halikuwa na hata moja. Nilikuwa nimetafuta filamu kwa kufuata sifa, na sifa nyingi huandikwa na wageni.

Kuzitia nukta isingewezekana, na isingekuwa haki kwa shangazi mwenye shamba. Lakini barabara yenyewe ilikuwa pale. Tukalipanua jina River Road kwenye ramani ndogo hadi likawa neno kubwa kuliko yote katikati ya mji, kubwa kuliko Kenyatta Avenue, na chini yake tukaandika mstari mmoja kuhusu Riverwood. Kijana alinisaidia kuchagua unene wa herufi. Mteja alilalamika kwamba jicho linakwenda huko kwanza. Nikamwacha alalamike.

Limebaki duara tupu la Eastleigh. Nilifikiria kuliondoa kabisa. Kama kamera haikufika, linafanya nini kwenye ramani ya mahali pa kamera? Tsavo nayo ina malalamiko hayohayo, maana The Ghost and the Darkness, ya 1996, ile ya simba wala watu wa reli, nayo ilipigwa Afrika Kusini. Nililiacha kwa sababu moja. Watu wengi sana duniani wameiona "Eastleigh" ile ya wanamgambo wenye bunduki barabarani, na mgeni anayeikunjua ramani yangu huenda anayo kichwani. Nikiacha pengo, picha ile inabaki ilivyo. Kwa hiyo kando ya duara pameandikwa: "Hadithi inasema ni hapa. Ilipigwa Afrika Kusini. Hapa utapata vitambaa, dhahabu na chai ya maziwa."

Nilimpelekea mwenye duka nakala ya mwisho kabla ya mteja kuiona. Aliisoma mara mbili, akainunua moja, akaibandika nyuma ya kaunta juu ya marobota ya shifoni. Kisha akataka kujua ingegharimu shilingi ngapi duka lake kuandikwa jina ndani ya lile duara. Nikamwambia ufunguo hauna alama ya hiyo.

"Si unaongeza ya sita?" akasema, akaanza kupima kitambaa cha mteja mwingine.